Neno Lililotoka Kisimani

Wafini hawakunywa kitu kutoka mkononi mwangu mpaka nikionje mimi kwanza. Kila chungu, kila siku. Klemetti, msemaji wao, alikuwa akisimama mlangoni pa nyumba yangu ya kupikia bia, mikono nyuma, na kusema, "Maista, Mama Kimea." Yaani onja. Nami nachota, nakunywa mbele yake, nafuta mdomo kwa kiganja, kisha namkazia macho mpaka aone haya. Haya yenyewe hakuwa nayo.

"Ukinikuta nimekufa kesho," nilimwambia siku moja, "ujue bia ilikuwa mbaya."

"Ukifa kesho tutakunywa maji," akanijibu, "na maji ya kisima hiki, mama, ni heri sumu yako."

Wenzake wakaangua kicheko. Mdogo wake, Tahvo, kijana mwenye nywele nyeupe kama kitani, alicheka pia, lakini yeye alikuwa na adabu ya kusema asante akirudisha bakuli. Katika kikosi kizima ni yeye tu.

Hilo la kuonja ningelimeza. Lililonikaa kooni ni kuchelewa kwao. Nilikuwa nawaambia wazi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Warusi, kwamba chakula ni lõuna, jua likiwa juu. Wanaitikia vizuri tu, "Lounas, lounas, tumesikia." Sisi wenyeji tunakula, tunalamba mabakuli, jua linapita zake, uji wa bia unapoa na kufanya ngozi juu, ndipo mabwana wanatokea mmoja mmoja wakijinyoosha. Kisha wananiuliza kwa nini umepoa! Nikajua ni kwa nini wanafanya hivyo. Walikuwa wanangoja kwanza waone kama sisi tuliokula mapema tutaanguka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi katika ngome ya Soolinn vuli ile. Nje ya ukuta walikuwa watu wa Tsari na mizinga yao. Ndani alikuwa kapteni Mswidi aliyejua Kiswidi tu, kikosi chake cha Wafini, na sisi watu wa nchi tuliokimbilia ngomeni na ng'ombe wetu vijiji vilipoanza kuwaka. Kapteni alituona sote wezi. Wafini walituona vibaraka wa Warusi. Sisi tuliwaona Wafini watu wa kuja, ambao siku moja wangepewa njia salama, waondoke wakipiga ngoma na kutuacha tuchinjwe. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi haina sababu ya kumpenda tembo yeyote.

Mkalimani hatukuwa naye. Wa nini? Lugha ya Wafini na yetu ni ndugu. Samaki wetu ni samaki wao, mkono wetu ni mkono wao, hata matusi yao nayaelewa vizuri kuliko wanavyodhani. Tungekuwa wageni kabisa, kila mtu angeuliza mara mbili. Kwa kuwa tulikuwa ndugu, hakuna aliyeuliza.

Mume wangu Jaak alikuwa mchimba visima. Amechimba upande wetu na amechimba upande wa pili wa mpaka, kwa sababu kiu haina mfalme, na huko alijifunza Kirusi. Jioni Warusi walikuwa wanakuja ukingoni mwa handaki kutukejeli. Siku moja mmoja akapiga kelele kwamba wamesikia tunachemsha viatu humu ndani, basi tafadhali tuwapelekee jozi moja, wao wana vitunguu. Jaak akacheka. Mtu mzima, juu ya ukuta, mbele ya Wafini, anacheka utani wa adui.

"Una akili wewe?" nilimwuliza tulipokuwa peke yetu.

"Mke wangu, ulikuwa utani mzuri."

"Utakunyonga utani huo."

"Utani haunyongi mtu," akasema, akaendelea kumenya kitunguu chake. Mwanamume huyu nilimpenda, lakini kuna siku nilitamani kumfunga mdomo kwa kamba ya pipa.

Kisha mizinga ikanyamaza. Siku nzima kimya, na ya pili kimya. Hakuna aliyefurahi. Kai, jirani yangu kutoka kijijini, akaninong'oneza, "Dada, mwizi akiacha kugonga mlango, ujue ameanza kutoboa ukuta." Wafini nao walikuwa na wazo hilohilo. Waliweka ngoma chini uani, wakamwaga njegere kavu juu ya ngozi yake, wakainama kuzitazama. Njegere zikawa zinatetemeka. Kuna watu walikuwa wanachimba chini yetu, wapate kuweka baruti chini ya ukuta. Lakini upande gani? Ngoma haisemi upande.

Klemetti akaja kwangu. Hakutaka kuja, ilionekana.

"Mumeo anajua ardhi," alisema.

"Anajua. Na Kirusi pia, si ndiyo mnayosema?"

"Mama Kimea, sina muda wa kugombana nawe. Mwite."

Jaak akateremshwa kisimani kwa kamba. Akakaa huko chini muda mrefu, sikio ukutani, sisi tumezunguka mdomo wa kisima hakuna anayekohoa. Kisha sauti yake ikapanda, nzito, yenye mwangwi: "Lõuna! Wanachimba lõuna, na hawako mbali!"

"Lounas?" Klemetti aliinama na kuuliza.

"Lõuna, lõuna! Mara ngapi?"

Kwa lugha zetu zote mbili neno la saa ya chakula ndilo pia neno la upande jua liliko saa hiyo. Klemetti akamgeukia kapteni, akasema naye Kiswidi. Kapteni akatoa amri mbili. Ya kwanza, Wafini wakimbie kuchimba njia yao chini ya ardhi, wawakute Warusi njiani na kuwaziba. Ya pili ilikuwa yetu: watu wa nchi wote wafungiwe katika ghala la nafaka, kule nyuma, asiwepo wa kuona wanachimba wapi na kumpasha adui. Jaak alitolewa kisimani matope mpaka masikioni, akasukumwa ghalani hata kabla hajafuta uso. Asante yake ikawa hiyo.

Mimi pekee nilitolewa kila asubuhi, askari nyuma yangu, kwa sababu Wafini bila bia hawachimbi. Njia yangu ilikuwa kutoka ghalani hadi kwenye chungu, basi. Nilimwuliza Klemetti kazi inakwendaje.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" akanijibu. Alikuwa na udongo kwenye nyusi na macho mekundu. "Maista."

Nikaonja. Siku iliyofuata nikamwuliza tena, akanijibu, "Hatujakuta kitu," akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

Asubuhi moja nilikuwa nakoroga kimea, ardhi ikanirusha. Chungu kiliruka, nami nikaruka nacho. Nilipotoka nje sikuona ukuta wa ngome upande wa zizi la farasi. Mahali pake palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi farasi wanalia, na nyuma ya vumbi Warusi wanakuja wakipiga mayowe. Wakatufungulia ghala sasa, sasa tulikuwa watu! Tulisukuma mikokoteni pengoni, samadi, magogo, mapipa yangu yote ya bia, mazima na mabovu. Nilimwona Jaak akipigana na sepetu bega kwa bega na Wafini waleule waliomfungia. Mpaka jua lilipoanza kushuka Warusi walikuwa wamerudi handakini, na pengo limezibwa vibaya, lakini limezibwa.

Wafini walikuwa wanalala juu ya zizi, kwa sababu ya joto la farasi. Tahvo walimtoa wa mwisho. Klemetti alimfuta uso kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kama anayemwamsha. Nililia. Sikuona aibu kumlilia Mfini.

Tulikuwa bado tunachimbua wafu, wakaja wakamkamata Jaak.

Wakamsimamisha uani mbele ya kapteni. Klemetti ndiye aliyeuliza, kwa lugha yake, na sote tulimwelewa. "Mbele ya Mungu, ulituambia wanachimba lounas, hukutuambia?"

"Niliwaambia," Jaak akajibu kwa sauti kubwa. "Nilisema lõuna na nitasema tena lõuna hata mnichome!"

"Sote mmesikia?" Klemetti akauliza.

Tulisikia. Sisi wenyeji tuliitikia kwa nguvu kuliko Wafini, tukidhani tunamwokoa. Klemetti akamgeukia kapteni na kusema neno moja fupi. Kapteni akaitikia kwa kichwa, akachora hewani kwa kidole: kamba. Mume wangu alikuwa amekiri.

Amekiri nini? Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Jaak alisema lõuna, na lõuna ndiko ukuta ulikolipuka. Alisema kweli tupu. Sasa mtu ananyongwa vipi kwa kusema kweli? Nikalitafuna jambo hilo, nikaona njia moja tu ya kulieleza. Klemetti aliambiwa lõuna na hakuchimba lõuna. Ameuza ukuta. Warusi wamemlipa, au wamemwahidi njia ya kurudi kwao, na sasa anamziba mdomo shahidi. Kai naye alikuwa amefika hapohapo kabla yangu.

"Lakini mdogo wake alikuwa analala pale, dada," alisema.

"Kaini wa Biblia naye alikuwa na mdogo," nilimjibu.

Jioni nilimkabili Klemetti mlangoni pa nyumba ya bia. "Lini?" nilimwuliza. Sikumwita kwa jina.

"Kesho. Lounas." Hakuniambia nionje. Hakutaka bia.

Kesho yake watu wa nchi walirudishwa ghalani, wasilete fujo. Mimi nikaachwa nje. Mke ana haki ya kumuaga mumewe, hata Mswidi anajua hivyo. Nilimshonea Jaak kola safi, nikampelekea, wakaipokea lakini wakanikatalia kuingia shimoni alikofungwa, wakasema nitamwona uani. Nikangoja. Jua lilipofika juu ya pengo la zizi, lõuna kamili, nikaenda uani.

Uani hapakuwa na mtu. Mti wa kunyongea ulikuwa tayari, boriti tu iliyotolewa kwenye kifusi, na chini yake Klemetti amekaa juu ya gogo, anapaka kamba mafuta ya nguruwe. Peke yake. Kapteni hayupo, ngoma haipo, Jaak hayupo.

Nilidhani nimechelewa. Nilidhani wamekwisha mnyonga. "Mmempeleka wapi?" nilipiga kelele.

"Yuko shimoni. Nenda ukae, mama. Bado mapema."

"Mapema! Uliniambia lõuna!"

"Nilikuambia lounas, ndiyo. Bado."

"Unanichezea," nilimwambia. "Hukutosheka kuniulia mume, unataka kunikalisha hapa uni... Jua huoni liko wapi? Hili ni nini kama si lõuna?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu, bila chuki, amechoka tu. "Hilo ni jua la adhuhuri," akasema. "Lounas ni likifika pale." Akanyoosha kidole, na kamba ikaning'inia mkononi mwake.

Kidole hakikuelekea pengo la zizi. Kilivuka kifusi, kikavuka ukuta wa pembeni, kikatua juu ya mnara wa kona, mahali jua linapokaa wakati uji wangu umekwisha kupoa.

Niliuona uji ule. Nawaambia kweli, kabla ya kumwona Jaak, kabla ya kuuona ukuta, niliona bakuli za uji zimefanya ngozi, na Wafini wanaingia wakijinyoosha, kila siku, saa ileile.

"Pale?" nikasema.

"Pale."

"Na mlichimba wapi?"

Mdomo wake ulianza kusema pilipili usiyoila. Niliuona ukianza. Kisha ukaacha. Kidole bado kilikuwa juu, kinaonyesha mnara wa kona, na yeye akawa anakitazama kama si chake.

Nilikimbia ghalani, nikapiga mbao kwa ngumi. "Kai! Kai, nionyeshe lõuna ni wapi!"

"Umerukwa na akili, dada?"

"Toa mkono unionyeshe!"

Mkono wa Kai ukatoka kwenye upenyo wa mbao, na kidole chake kikaelekea moja kwa moja kwenye pengo, chini ya jua. "Ni pale jua lilipo! Mtoto wa kunyonya anajua!"

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi kila mmoja alikuwa anajua yake.

Niliporudi uani, Klemetti alikuwa bado amekaa. Kamba ilikuwa imeanguka miguuni mwake.

"Usiseme kitu," alisema.

"Nitasema kwa kila mtu!"

"Kwa lugha gani? Kapteni hakuelewi. Anayesema na kapteni ni mimi." Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayeeleza mlango uko wapi. "Mama, mumeo akifa, Tahvo ameuawa na msaliti. Mumeo akipona, Tahvo ameuawa na nani? Nani aliyeinama kisimani? Nani aliyewapeleka watu kwenye ule mnara?"

Siku hiyo huruma ilikuwa imeniishia. "Ukisema, umempoteza ndugu," nilimwambia. "Umekwisha mpoteza. Ukinyamaza, utakuwa umeua watu wawili, na wa pili utakuwa umemwua ukijua."

Nilikaa pale, juu ya kifusi, nikilitazama jua likitambaa kuelekea ule mnara. Jua la vuli kwetu huenda haraka, lakini siku hiyo lilikokota miguu. Sikumwamini Klemetti hata kidogo. Nilimwangalia mikono. Aliiokota kamba, akaiweka chini, akaiokota.

Lilipofika mnarani wakaja wote, wameshika wakati kweli, Wafini wenye ngoma, kapteni, na Jaak katikati akiwa na minyororo mikononi. Jaak aliponiona akajaribu kutabasamu. "Kola safi," akasema. "Ninaoa tena?" Nilitaka kumpiga, na kumkumbatia.

Klemetti akaenda kwa kapteni. Akasema Kiswidi, maneno mengi, uso kama jiwe. Sikuelewa kitu. Nilisikia jina la Jaak. Nilisikia jina la Tahvo, mara nyingi, na kila mara niliposikia Tahvo nikasema moyoni, ndiyo hivyo, anataka Jaak amlipie Tahvo. Kapteni alikunja uso. Akauliza jambo. Klemetti akajibu kwa kutazama chini.

Basi kapteni akaamuru ghala lifunguliwe. Tulipojaa uani sote, akapanda juu ya gogo, akapaaza sauti, akilitamka vibaya kabisa lile neno, nusu letu na nusu lao: "Louna!" Kisha akanyoosha mkono wake hewani, tuelewe anataka nini.

Vidole vikainuka. Vya Wafini vyote vilielekea mnara wa kona. Vyetu vyote vilielekea pengo la zizi. Kisha kila upande ukawatazama wenzao, na vidole vikabaki pale hewani, maana hakuna aliyejua namna ya kuvishusha.

Kapteni akacheka. Wafu walikuwa wamepangwa ukutani hawajafukiwa, na yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamsamehe. Klemetti alitoa ufunguo kiunoni kwa Mfini mwingine, akafungua mwenyewe minyororo ya Jaak, akilikosa tundu la kufuli mara kadhaa. Hakuna aliyesema samahani. Kwa lugha ipi?

Warusi walikuwa bado nje. Ilibidi tule. Kesho yake nilipika uji wa bia na kuweka yai la mwisho ndani yake, na sikumwita mtu. Jua lilipofika juu ya pengo, Klemetti akatokea mlangoni. Peke yake, kwa wakati wetu. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akila uji wa moto.

Hakusema maista. Alichukua bakuli mbili, akachota mwenyewe, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya mume wangu. Jaak alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, na tangu jana yake hakuwa amefanya utani hata mmoja. Klemetti akamsogezea bakuli iliyojaa zaidi.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema.

Jaak aliitazama bakuli. Aliutazama mkono ulioishika, uleule uliopaka kamba mafuta. Mvuke ukampanda usoni na hakuugusa uji. Niliacha kukoroga.

"Maitse," akasema mume wangu.

Neno hilo, kwao na kwetu, ni moja. Klemetti akainama, akaonja.